Ndege Aliyebaki

Kuna picha moja ambayo sijawahi kuiweka mtandaoni wala kuituma kokote, na ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Ndani yake yumo korongo taji, yule ndege aliye kwenye bendera ya Uganda, amelalia mayai katikati ya matete. Ukungu wa asubuhi umemzunguka. Taji lake la nyuzi za dhahabu limeshika umande, na jicho lake linatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Hakimbii. Nilipoiangalia mara ya kwanza kwenye kioo cha kamera nilidhani kwamba ndege huyu ameniamini.

Imenichukua zaidi ya mwaka kuelewa nilivyokosea.

Natoka Sumbawanga. Ukilitaja jina hilo Dar es Salaam, kabla hujavuta kiti ukakaa, mtu ameshakuuliza kama ulikuja kwa basi au kwa ungo. Nimeulizwa kwenye daladala, nimeulizwa kwenye foleni ya kantini, na mara moja nimeulizwa kwenye usaili wa kazi. Wazee wetu hulifasiri jina la mji kuwa “tupa uchawi”, yaani mgeni anayekuja auache huko huko alikotoka. Utani wa Watanzania umeugeuza mji uliokataa uchawi kuwa ghala lake. Nilicheka pamoja na wenzangu miaka miwili ya shahada ya kwanza. Mwaka wa tatu nikachoka kucheka. Nikajinyima sehemu ya bumu, nikaenda Kariakoo, nikanunua kamera iliyokwisha kutumika. Lenzi ya milimita 300 ilikuja baadaye, baada ya miezi mingi ya kuwachapia watu kazi zao kwa malipo. Nilitaka nikiulizwa habari za ungo nitoe simu mfukoni na kusema: hapa ndipo kwetu, tazama.

Na kwetu kuna cha kutazama. Uwanda wa Ufipa uko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, katikati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Ukifika ukingo wa Lyambalyamfipa, ardhi inakatika mbele ya miguu yako, na kuna siku unasimama juani huku unaitazama mvua ikinyesha bondeni, chini yako.

Kupiga picha za viumbe huko si starehe. Juni na Julai baridi hukufanya usikisikie kitufe cha kamera chini ya kidole. Masika unyevu huingia kwenye lenzi na matope huvua buti mguuni. Kijijini kwa baba mdogo umeme ulikuwa haujafika, kwa hiyo betri nilizichajisha kwenye duka lenye sola, na siku ya mawingu hazikujaa. Mwanga mzuri ni kama nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Saa zinazobaki ni za kungoja.

Lakini kungoja kuna malipo yake. Nilizaliwa pale na sikuwahi kujua kwamba nyasi zina zamu zake. Kabla ya mapambazuko ni vyura. Vyura wakinyamaza, wanaanza ndege. Na ndege wakinyamaza wote kwa pamoja, inua macho, yupo mwewe. Kamera ndiyo iliyonikalisha chini nikayasikia hayo, na kwa hilo naishukuru hadi leo.

Juni ya mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilikwenda msitu wa Mbizi, ulioko juu ya mji, kwenye njia ya kuteremkia Muze. Humo wanaishi mbega wekundu, kima wenye mikia mirefu waliobaki katika vipande vichache vya misitu, na ambao wamo katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka. Siku ya kwanza waliniona kabla sijawaona. Tawi likatikisika, mkia ukapita, kisha msitu ukawa mtupu. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Siku ya tano nilikata tamaa, nikakaa chini ya mti kula viazi vya kuchemsha, kamera ikiwa ndani ya begi. Wakaja wenyewe. Walikaa juu yangu wakila majani, na mmoja akaniangalia kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alikuona wapi. Nilipofungua zipu ya begi waliondoka. Nilipata picha moja, na hiyo nayo ina ukungu: mkono, nusu ya uso na mkia.

Niliihesabu safari ile kuwa imeshindikana. Ndiyo maana Februari iliyofuata, nilipokutana na kiumbe asiyekimbia, nilifurahi kupita kiasi.

Baba mdogo analima mahindi na maharage kando ya bonde lenye majimaji. Bonde lenyewe sitalitaja jina. Korongo taji wamehesabiwa kuwa hatarini kutoweka tangu mwaka 2012. Mabonde yao yanalimwa, na wao wenyewe hukamatwa wakiwa hai wakauzwe, na jina la mahali likishatoka halirudi. Yeye mwenyewe aliponionyesha kiota hakunyoosha kidole. Alionyesha kwa kidevu, kutoka juu ya matuta ya mahindi, akaniambia tutazame tukiwa hapo hapo.

Kiota kilikuwa mbali, rundo la majani makavu ndani ya matete. Kichwa tu ndicho kilichoonekana. Nikagundua kwamba jembe la baba mdogo lilikuwa limesimama kama hatua thelathini kabla ya matete, na kipande kile kilikuwa na nyasi tupu. Kwa udongo wa pale, ni kipande cha gunia moja la mahindi, pengine mawili. Nikamuuliza kwa nini hakukilima.

“Mwenzetu analea,” akasema, kisha akaendelea kupalilia.

Siku ya tatu niliamka kabla yake. Sikumwaga. Nilivaa mabuti yake ya mvua, nikapita kwenye kile kipande cha nyasi, nikaingia kwenye matete kwa magoti. Nilikwenda polepole sana, na polepole yangu niliiona kuwa ni heshima. Nilipokuwa karibu kiasi cha kujaza fremu, matete matatu yalikuwa yameziba uso wake. Niliyakunja. Mara mbili aliinuka nusu, akafungua mdomo bila sauti, akakaa tena. Niliyaona yale kuwa uhai unaoingia kwenye picha. Nilibofya mara arobaini na kitu. Kisha nikarudi nyuma kwa njia ile ile, nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena. Siku nne mbega walinikataa, nikajiambia, na leo nimekubaliwa.

Siku tano baadaye, baada ya mvua kubwa, kichwa hakikuonekana kwenye matete. Nilishuka na baba mdogo. Njia niliyoitengeneza ilikuwa bado wazi, matete yamelala huku na huku kama nywele zilizochanwa, kutoka shambani hadi kwenye kiota. Kwenye tope lilikuwemo alama za mabuti. Juu ya alama za mabuti zilikuwemo nyayo za mbwa. Kiota kilikuwa kitupu, na kando yake palikuwa na kipande cha ganda.

Nimejitetea mara nyingi tangu siku hiyo. Mbwa angeweza kufika kwa njia yake. Lakini alikuja kwa yangu.

“Mwanangu, ulipita hapa?”

“Nilipita, baba.”

Aliinama akasimamisha matete mawili. Yakalala tena. Hakusema neno lingine mpaka chakula cha usiku, ndipo akaniuliza, bila kejeli yoyote, kama picha zilitoka vizuri.

Nilirudi chuoni na swali. Wapigapicha huwa na maneno mengi kuhusu ukweli wa picha. Shindano la Uingereza la Wildlife Photographer of the Year lilimpa ushindi wa mwaka 2009 mpigapicha wa Hispania kwa picha ya mbwa mwitu wa Ulaya akiruka lango usiku. Januari 2010 likamvua ushindi huo, kwa kuwa waamuzi waliona kuna kila dalili kwamba mnyama yule ni wa kufugwa na kufundishwa. Mpigapicha alikana. Nilipoisoma habari hiyo nilijipima kwayo nikajikuta sina hatia. Ndege wangu ni wa porini. Ukungu ni wa Mungu. Sikuongeza wala kufuta kitu chochote kwenye kompyuta. Sijamdanganya mtazamaji hata mmoja. Basi kosa langu liko wapi?

Liko mahali ambapo mtazamaji hafiki. Picha inaweza kusema kweli tupu kwa anayeitazama na bado ikawa dhuluma kwa aliyepigwa. Kanuni nyingi tulizonazo zinamlinda wa kwanza. Wa pili hana wa kumsemea.

Mtu angesema tatizo liko kwenye lugha yetu yenyewe, inayosema “kupiga” picha kama inavyosema kumpiga mnyama risasi. Sikubali. Kiswahili kinapiga kila kitu: tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga magoti kanisani. Neno halina kosa. Ila kuna neno jingine la mitaani ambalo limenifundisha zaidi. Ukimwelekezea kamera mama anayeuza migebuka sokoni Sumbawanga, anafunika uso kwa khanga na kusema: “Usinipige.” Bibi yangu mzaa mama alikuwa anakubali, lakini kwa masharti. Ungoje aende ndani, avue kitenge cha kazini, avae cha kanisani, na hata hapo hacheki. Wote wawili wana uwezo mmoja, uwezo wa kusema hapana, au bado.

Mnyama hana hapana ya mdomoni. Hapana yake ni kuondoka. Mbega wa Mbizi walinijibu siku nne mfululizo, kwa adabu na kwa lugha iliyo wazi, nami nikaiita bahati mbaya. Siku ya tano walisema ndiyo kwa muda wanaoutaka wao. Ile picha yenye ukungu ni rekodi ya makubaliano.

Korongo naye? Hakuondoka. Nilikuchukulia kubaki kwake kuwa ndiyo. Sikujiuliza swali ambalo mtoto angeuliza: angeondoka angeenda wapi? Alikuwa juu ya mayai. Korongo taji, dume na jike, hupokezana kuyalalia kwa karibu mwezi mzima, na usiku mmoja wa baridi ya Ufipa bila mzazi unaweza kuua kilichomo. Kuondoka kungemgharimu kila alichokuwa nacho. Kubaki kwa asiyeweza kuondoka si ridhaa.

Nilipoandika sentensi hiyo kwenye daftari nilikumbuka nilipowahi kuiona kabla sijaijua. Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu kwenye zahanati moja. Palikuwa na foleni ndefu ya akina mama na watoto wenye homa. Walikuja wageni wenye kamera na fulana zinazofanana, wakapiga picha foleni nzima, uso kwa uso. Hakuna mama aliyefunika uso. Hakuna aliyeondoka. Aliyeondoka angepoteza nafasi yake kwenye foleni. Sina shaka kwamba kuna ukuta mahali fulani penye picha hizo, na chini yake pameandikwa jambo kuhusu ukarimu wa watu wetu.

Jambo hili ni la zamani katika nchi hii. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mjerumani Carl Georg Schillings alizunguka kaskazini mwa Tanzania ya leo akipiga picha za wanyama usiku kwa mwako wa flashi, na mwaka 1905 akachapisha kitabu ambacho jina lake linataja vitu viwili kwa pamoja, flashi na bunduki. Picha zake za simba zilishangaza Ulaya. Simba walikuwa huru. Walikuja kwa miguu yao na wangeweza kwenda zao. Lakini ili waje, Schillings aliwafunga punda na ng’ombe kamba mbele ya kamera. Ukizitazama picha zile leo, jicho linakimbilia simba. Mimi siku hizi namtafuta punda. Katika kila picha nzuri ya porini najiuliza: nani hapa hawezi kuondoka?

Rafiki yangu mmoja, tunayesoma naye kozi ya maadili, alinipinga kwa nguvu. “Unamvisha ndege shati la binadamu,” alisema. “Ridhaa ni dhana. Korongo hana dhana.” Nikamjibu kwamba sisemi korongo anatoa ridhaa. Nasema mimi najua tofauti kati ya kiumbe mwenye mlango na asiye na mlango, na kanuni inanifunga mimi ninayejua. Mtoto mchanga naye hana dhana ya mali, ila hatumwibii.

Akaja na hoja ngumu zaidi. Watu hawalindi wasichokiona. Picha moja ya korongo kama ile, ikitazamwa na watu laki moja, si ingeokoa viota vingi kuliko kimoja kilichopotea? Na wewe unalia kwa mayai matatu wakati mabonde mazima yanageuzwa mashamba kila mwaka?

Hoja hii siidharau. Nilinunua kamera kwa sababu yake. Picha kweli hubadilisha macho, na kama si picha hata mimi nisingejua kwamba mbega wa Mbizi ni wa thamani kwa yeyote. Lakini asubuhi ile sikuwa nikiwaza watu laki moja. Nilikuwa nikiwaza watu kumi wa kantini. Hesabu ya faida ilikuja baadaye, baada ya kiota kuwa kitupu, na hesabu inayokuja baadaye mara nyingi hufanya kazi ya wakili. Halafu mabonde yanalimwa na watu wenye njaa. Nani aliye na sababu nzuri zaidi ya kuingia kwenye matete, mwenye jembe au mwenye lenzi? Katika kisa hiki mwenye jembe ndiye aliyesimama hatua thelathini kabla. Mwenye jembe alikuwa na gunia la mahindi la kupoteza, akalipoteza. Mwenye lenzi alikuwa na picha ya mbali ya kupoteza, akashindwa.

Kwa hiyo nina kanuni, nayo ni fupi. Simpigi picha kiumbe aliyefungwa na kitu asichoweza kukiacha, iwe ni kamba, kiota au foleni. Nikiwa sina hakika, nabaki kwenye matuta. Imenigharimu. Mwaka jana maonyesho fulani ya wapigapicha vijana yaliomba kazi kutoka mikoani. Nilijua kabisa picha ambayo ingepita. Nikatuma mkono, nusu ya uso na mkia. Haikuchaguliwa. Utani wa ungo unaendelea, nami nikiulizwa natoa simu naonyesha mkia wa mbega. Watu wanauliza, “Yuko wapi?” Nami najibu kwamba alikuwa anaondoka.

Utaniuliza, msomaji, mbona basi nimekuchorea korongo yule tangu mstari wa kwanza, taji, umande na jicho. Ni kweli. Hata insha ni namna ya kuonyesha. Nilifikiri kuifuta picha nikaona kufuta nako kungekuwa namna ya kujisafisha. Bila picha ningebaki na kumbukumbu, na kumbukumbu yangu ingeshaanza kumsogeza mbwa aje kwa njia nyingine.

Februari iliyofuata nilirudi kijijini. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni, na jembe lilikuwa limesimama pale pale, hatua thelathini kabla ya matete. Nikamuuliza baba mdogo kama wamerudi. “Bado,” akasema. Kisha akaniuliza kuhusu ile picha. Nikamwambia ninayo, ila simwonyeshi mtu. Alifikiri kidogo. “Mimi nilimkatia shamba,” akasema. “Mimi nionyeshe.”

Sikuwa na kanuni ya kumjibu. Nilikwenda mjini nikachapisha nakala moja. Ipo sebuleni kwake, kati ya kalenda ya parokia na picha ya harusi yake. Mgeni akiuliza, humwambia huyo alikuwa jirani. Mgeni akiuliza nani alipiga, hunitazama, akaningoja nijibu mwenyewe.